UZI: Kuchapa picha kwa mihuri ya mboga (bamia, kiazi, muhogo, chainizi, mgomba): kukata, kukausha, rangi na yanayoharibu chapa

#1 FundiChapa

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni wa wote wanaochapa kwa mihuri ya mboga, iwe kwenye kadi, karatasi za kufungia zawadi, mifuko ya kitambaa au kitambaa kizima. Maelekezo mengi yanaishia "kata kiazi, chovya kwenye rangi, gonga". Ukifuata hivyo unapata doa lenye umbo la kiazi, katikati peupe, pembeni rangi imerundikana, halafu lawama zote zinakwenda kwa rangi. Tatizo ni maji. Kiazi mbatata ni maji kwa karibu asilimia 80, kabeji na hoho zinavuka 90. Ukishakata tu, maji yanaanza kutoka na kukaa kati ya mboga na rangi, kwa hiyo rangi haishiki. Karibu kila kosa la kazi hii linarudi hapo.

Kukata: kisu kiwe kirefu kuliko mboga yenyewe, chembamba na kikali. Kata mkato mmoja wa kuvuta, usisimame katikati. Ukikeketa mbele na nyuma unaacha ngazi ndogo ndogo, na kila ngazi itaonekana kwenye chapa. Ukimaliza, weka uso uliokatwa juu ya kioo au marumaru na uangalie kwa ubavuni. Mwanga ukipenya chini, uso haujanyooka. Toa kipande kingine chembamba.

Kukausha: laza mboga, uso uliokatwa ukiwa chini, juu ya kitambaa kikavu cha pamba. Kiazi dakika 15 hadi 20, ukigeuza kitambaa mara moja. Bamia nusu saa. Kitunguu saa moja au mbili. Kabeji ikatwe jioni ichapwe asubuhi. Wapo wanaonyunyiza chumvi ili maji yatoke haraka. Yanatoka kweli, lakini chumvi inalegeza nyama ya kiazi na ncha za mchoro zinalala. Usiweke.

Rangi: iwe na uzito wa mtindi. Usichovye mboga kwenye bakuli la rangi hata siku moja. Chukua sponji nyembamba ya kuoshea vyombo, iloweshe, ikamue mpaka isidondoshe, iweke kwenye sahani bapa, mimina kijiko kimoja cha rangi na ukisambaze kwa mgongo wa kijiko. Mhuri unagonga kwenye sponji mara mbili au tatu kwa wepesi, kisha unakwenda kwenye karatasi.

Kugonga: chini ya karatasi weka magazeti sita au saba. Meza ngumu tupu ndiyo inayoleta chapa yenye katikati peupe hata kama mboga imekaushwa vizuri, kwa sababu uso wa mboga haunyooki kwa asilimia mia na unahitaji kitu laini cha kuupokea. Shusha mhuri wima, kandamiza kwa kiganja kwa sekunde tatu, inua wima. Chapa mbili za kwanza zipige kwenye karatasi chakavu, maana uso bado haujanywa rangi sawasawa.

#2 BustaniNaBrashi

Asante mkuu. Naongezea upande wa uchaguzi wa mboga, maana watu wanang'ang'ania kiazi wakati zipo mboga ambazo huhitaji kuzichonga kabisa.

Bamia ndiyo mfalme. Ikate kwa upana na utapata nyota ya vyumba vitano, kila chumba na mbegu yake. Ile bamia changa laini ya mchuzi haifai, inapondeka na ina ute mwingi. Tafuta iliyokomaa, ngumu, ambayo mpishi anaikataa kwa sababu imekuwa na nyuzi. Zile nyuzi ndizo zinazosimamisha kuta za nyota. Kata kwenye theluthi nene iliyo karibu na kikonyo, na kikonyo ukiache kiwe mshikio. Ukitaka vyumba vionekane vyeupe, toa mbegu za juu kwa kijiti cha meno hadi kina cha nusu sentimita. Ukiziacha, chapa inapata nukta ndani ya nyota. Ute unafutwa kwa tishu mara mbili tatu ndani ya ile nusu saa. Usiuoshe kwa maji, unazidi.

Chainizi: kata shina lote la chini kwa mkupuo mmoja, sentimita 5 au 6 kutoka kwenye mzizi. Kile kitako ambacho kingetupwa kinachapa ua la waridi lililofunguka, petali moja ndani ya nyingine. Kifunge kwa mpira wa kufungia pesa ili majani yasiachane.

Bua la jani la mgomba ni mboga kwa heshima tu, lakini siwezi kuliacha. Ukilikata kwa upana unapata mwezi mwandamo uliojaa vyumba vidogo vya hewa, na chapa yake huwezi kuichonga kwa mkono. Ila utomvu wake: mwanzoni hauonekani, baadaye unageuka kahawia iliyokolea na hautoki kwenye nguo. Liache likiegemea, uso chini, nusu saa na zaidi, ufute mara kadhaa, ndipo uliguse kitambaa.

Karela inatoa duara lenye meno meno. Hoho inatoa mstari wa nje tu, wenye mabonde matatu au manne, na inateleza kwa sababu ngozi yake ni nyororo. Kata karibu na kikonyo ambako kuta ni nene. Bilinganya na nyanya chungu zina nyama ya sponji, zinakunywa rangi na kutoa chapa yenye mawimbi. Nzuri kwa mandhari ya nyuma, mbaya kwa mchoro wenye mipaka. Nyanya ya kawaida achana nayo.

#3 Kalamu_ya_Pwani

Wakuu, kwa anayetaka kuchonga mchoro wake mwenyewe, mbatata au muhogo? Na herufi zinawezekana?

#4 KisuKikali

Mkuu Kalamu, muhogo, kama unaupata mbichi wa siku hiyo hiyo. Una maji asilimia 60 hivi, kwa hiyo ni mkavu kuliko mbatata na kiazi kitamu, na nyama yake imeshikana. Mstari wa milimita 2 unasimama kwenye muhogo. Kwenye mbatata usishuke chini ya milimita 3. Kasoro za muhogo ni mbili. Katikati una uzi mgumu unaopita urefu wote: ukikata kwa upana utapata kitundu au nukta pale, kwa hiyo kata kwa urefu, ubavuni mwa ule uzi, upate uso mpana usio na kovu. Pili, ndani ya siku mbili tatu baada ya kung'olewa unaanza mistari ya buluu nyeusi na nyama inakuwa ya kizibo. Futa pia unga mweupe wa wanga unaobaki usoni, ndio unaoacha nukta nukta nyeupe kwenye chapa.

Uchongaji ni huu. Chora usoni kwa kalamu ya wino. Kwa wembe wa kukatia karatasi fuata mstari, ukishuka karibu wima hadi milimita 5. Kisha ingia kutoka ubavuni, kwa kulala, ukutane na ule mkato wa wima, na kipande kinatoka chenyewe. Usichokonoe kutoka juu, unavunja kingo. Kina kikiwa chini ya milimita 3 rangi inaingia mabondeni na kuchapa mahali usipotaka. Kuta za mchoro ziteremke kwa mteremko kidogo kwenda nje, yaani ziwe pana chini kuliko juu. Ukizichimba kwa ndani, zinakatika kwenye chapa ya kumi.

Herufi: andika neno lako kawaida kwenye karatasi nyembamba kwa kalamu yenye wino mwingi, geuza karatasi, ikandamize kwenye uso wa kiazi wakati bado una unyevu. Wino unahamia ukiwa kinyume, ndivyo unavyotakiwa. Ukichonga hivyo, chapa itasomeka sawa. Hii hatua fanya kabla ya kukausha.

#5 Rangi_Mbili

Kwa wanaochapa rangi mbili, kuna njia rahisi ya kupata mihuri miwili inayolingana: kata kiazi katikati, chonga nusu ya kwanza, ipake rangi, igonge kwenye uso wa nusu ya pili, chonga kwa kufuata alama.

#6 KisuKikali

Hapo tuwe makini, mkuu, maana inategemea unataka nini. Ukigonga nusu moja juu ya nyingine moja kwa moja, nusu ya pili inapata picha iliyogeuzwa. Chapa zake zitakuwa kinyume cha zile za kwanza. Hiyo ni nzuri sana kwa ndege wawili wanaotazamana, au majani ya kulia na kushoto kwenye pindo.

Kwa rangi mbili zinazokaa juu ya mchoro mmoja, unahitaji picha isiyogeuka. Gonga mhuri wa kwanza kwenye kipande cha nailoni ngumu kilicholazwa mezani, halafu haraka, rangi ikiwa mbichi, kandamiza nusu ya pili juu ya ile chapa. Picha inageuka mara mbili, inarudi ilivyokuwa. Sasa kwenye nusu hii acha tu sehemu za rangi ya pili. Rangi nyepesi inatangulia kila mara, ikauke kabisa, ndipo nzito. Na mihuri yote miwili iwe na ukubwa mmoja kwa nje, iliyokatwa pembe mraba, ili uilenge kwa kona na si kwa kukisia.

#7 MamaBafta

Naingia upande wa kitambaa, ndugu zangu, maana hapo ndipo watu wanapoteza pesa.

Kitambaa kiwe pamba tupu. Bafta, shuka nyeupe, au amerikani, kile kitambaa kisichopaushwa ambacho jina lake limebaki tangu karne ya 19 kilipoletwa Zanzibar na meli za Salem, Massachusetts. Amerikani inapokea rangi vizuri kuliko bafta kwa sababu uzi wake una manyoya kidogo. Lakini kitambaa chochote kipya kina wanga wa kiwandani. Kifue kwa maji ya moto na sabuni, bila ile dawa ya kulainishia nguo, suuza sana, anika, piga pasi. Kujua kama wanga umetoka, dondosha tone la maji: likizama papo hapo kiko tayari, likikaa juu kama lulu kifue tena.

Polista usijisumbue. Rangi inakaa juu juu, na kitambaa chenyewe hakivumilii joto la kuigandisha rangi.

Rangi: ya kitambaa ndiyo yenyewe. Kama una akriliki ya kawaida tu, ichanganye na dawa yake ya kitambaa kwa kipimo cha kwenye chupa. Akriliki peke yake inachapa vizuri, ila kitambaa kinakuwa kigumu pale ilipo na inapasuka kwenye mikunjo. Rangi ya posta ya watoto haifai kabisa, inatoka siku ya kwanza kufuliwa.

Chini ya kitambaa weka blanketi lililokunjwa mara moja, juu yake magazeti. Kwenye kitambaa kandamiza kwa nguvu kuliko kwenye karatasi, na kwa mhuri mkubwa pitisha uzito wa kiganja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine bila kuusogeza.

Kugandisha: acha kitambaa kikauke saa 24. Geuza ndani nje, weka kitambaa chembamba juu, pasi ya joto la pamba, bila mvuke, dakika 3 hadi 5 kwa kila sehemu, pasi ikitembea pole pole. Wenye pasi ya mkaa, subirini mkaa uwe mwekundu wote na moshi umekwisha, mkung'ute majivu, na kile kitambaa cha juu kisikosekane. Baada ya hapo siku tatu bila kufua. Kisha maji baridi, sabuni kidogo, ndani nje, bila kusugua.

#8 Kalamu_ya_Pwani

Dada MamaBafta, nataka kupanga kitambaa kwa mpangilio wa kanga, pindo la pembeni na mji wa katikati. Nagawanyaje ili pembe zisije zikakatika?

#9 MamaBafta

Hesabu kwanza, kaka, mhuri baadaye. Chukulia kanga ya sentimita 150 kwa 110. Mhuri wako wa bamia una sentimita 4, nafasi kati ya mhuri na mhuri sentimita 2, kwa hiyo kila hatua ni 6. Upande mrefu unagawanyika mara 25 sawasawa. Upande mfupi unapata hatua 18, zinabaki sentimita 2. Zigawe kwenye zile hatua 18, yaani zaidi kidogo ya milimita 1 kila moja, jicho halitaona. Piga pembe nne kwanza. Halafu pasua katikati ya kila upande, kisha katikati ya nusu, mpaka ujaze. Anayeanzia kona moja na kutembea hadi nyingine anafika kwenye pembe ya mwisho na nusu mhuri.

Mistari usichore kwa penseli. Kunja kitambaa na upige pasi, mkunjo wenyewe ndio mstari, na utatoka. Ukiwa na mstari mrefu wa kufuata, tandaza uzi mweupe ulionyooshwa kwa pini.

Mji chapa mwisho, ukianzia katikati kabisa. Jina (yale maneno ya kanga), kama unaliweka, liwe kwenye kisanduku chake chini ya mji, herufi zisipungue sentimita 3 kwa urefu kwa muhogo. Usichonge neno zima kwenye muhuri mmoja. Chonga herufi moja moja, mihuri ya urefu mmoja, uigonge kwa kufuata kipande cha mbao kilicholazwa.

#10 Mdau_wa_Vibuyu

Kwa wanaotaka mhuri wa kudumu: kibuyu. Mji wa Ntonso, karibu na Kumasi nchini Ghana, ndio maarufu kwa adinkra, vitambaa vya Waasante vinavyochapwa alama, na mihuri yao inachongwa kwenye vipande vya kibuyu kikavu, vikafungwa vijiti vya kushikia. Si jambo la jana, kwani makumbusho ya British Museum, London, yana kitambaa cha adinkra kilichokusanywa na msafiri Mwingereza Bowdich mwaka 1817. Rangi yao ni gome la mti wanaouita badie, linalopondwa na kuchemshwa mpaka linakuwa zito na jeusi.

Yapo mawili ya kujifunza kutoka kwao. Uso wa kibuyu umepinda, na hawajaribu kuunyoosha. Wanaubingirisha kutoka ukingo hadi ukingo. Na kabla ya mihuri wanagawa kitambaa katika miraba kwa kitana cha mbao kilichochovywa rangi, ambacho kinachora mistari kadhaa sambamba kwa mkupuo. Kila mraba unapokea alama moja inayorudiwa, na makosa madogo ya mpangilio yanamezwa na ile mistari.

Kwetu chagua kibuyu chenye ganda la milimita 5 na zaidi, kwangua ndani, chonga upande wa nje. Ni kikavu, kwa hiyo lile tatizo la maji la mkuu FundiChapa halipo, na mhuri unakaa miaka.

#11 Rangi_Mbili

Swali la rangi. Rangi ya posta ninayopata dukani ni nyepesi, na kwa joto la Dar akriliki inakauka kwenye mhuri kabla haijafika kwenye karatasi. Dawa?

#12 FundiChapa

Rangi nyepesi inaongezewa uji wa wanga. Vijiko viwili vya chai vya wanga wa mahindi, maji mililita 100, koroga kwa baridi kwanza ili mabonge yasitokee, weka moto mdogo ukikoroga mpaka ung'ae na kushika. Ukipoa, sehemu moja ya uji kwa sehemu mbili za rangi. Ni kwa karatasi tu. Kwenye kitambaa wanga utaoshwa na rangi itafuatana nao. Ndani ya friji hukaa siku mbili, baada ya hapo unachacha.

Akriliki inayokauka haraka: zima feni, weka rangi kidogo kidogo, na ongeza matone matatu ya glisarini kwa kijiko cha chakula cha rangi. Ukizidisha, chapa itabaki inanata. Mabonde ya mhuri yakijaa rangi iliyokauka, toa kwa kijiti cha meno na kitambaa chenye unyevu. Usiuweke chini ya bomba, utaanza kukausha upya.

Karatasi: A4 ya gramu 80 inakunjamana. Manila, au chochote cha gramu 160 kwenda juu kisichong'aa. Kaki ni nzuri mno kwa rangi nyeupe na nyeusi.

#13 Ukingo_Safi

Nimefuata yote ya #1. Chapa ina mwili mzuri, lakini pembeni kuna mstari mnene wa rangi unaozunguka mchoro. Na baada ya chapa thelathini hivi ncha zinapotea.

#14 FundiChapa

Mstari wa pembeni ni rangi iliyozidi, imesukumwa nje na mkandamizo. Futa ubavu wa mhuri kwa tishu kila baada ya kupaka, na punguza rangi kwenye sponji mpaka uone vitundu vya sponji vikitokeza. Kama mstari huo ni wa maji, mwepesi kuliko rangi yenyewe, hapo mboga haijakauka.

Ncha kupotea: kiazi kimepoteza maji ya ndani na kimelegea. Kitumbukize kwenye maji baridi yasiyo na chumvi dakika 10 hadi 15, kitakaza tena, kisha ukikaushe usoni kama mwanzo. Hii inafanya kazi mara moja au mbili. Baada ya hapo kata kipande kipya.

#15 Kitungule

Vipi kuhusu manjano na bitiruti badala ya rangi za dukani? Na je, si kuchezea chakula huku?

#16 BustaniNaBrashi

La pili kwanza, kwa sababu ni swali la haki. Pitia mboga za #2: kitako cha chainizi, bamia iliyokomaa, bua la mgomba, kichwa cha hoho chenye kikonyo, na ongeza gunzi la mahindi ambalo unalibingirisha kwenye kitambaa. Vyote vinakwenda kwenye pipa au kwa mbuzi. Kiazi kimoja kilichokatwa katikati kinatoa mihuri miwili, na vipande vinavyochongwa kabla ya rangi vinaliwa. Kilichoguswa na rangi hakirudi jikoni wala hakipewi mfugo.

Manjano: rangi inaingia kwa nguvu lakini jua linaila haraka, hata ukitanguliza shabu kwenye kitambaa. Bitiruti inafifia upesi zaidi, na kwenye kitambaa inatoka kwa maji. Kwa kadi inayokaa ndani ya bahasha ni sawa, uzipe uzito kwa ule uji wa wanga wa #12. Kwa kitu cha kuvaliwa, hapana.

#17 Kalamu_ya_Pwani

La mwisho: mihuri ikibaki jioni, inalala vipi?

#18 KisuKikali

Futa rangi yote kwa kitambaa chenye unyevu, funga mhuri kwenye kitambaa kibichi kilichokamuliwa, kisha nailoni, kisha friji sehemu ya chini, si ya barafu. Ukiganda na kuyeyuka unakuwa uji. Mbatata na kiazi kitamu vinakaa siku mbili, muhogo siku moja. Weusi wa usoni si kuoza, ni hewa tu, hauathiri chapa. Ukisikia ute chini ya kidole, tupa. Bamia usihifadhi, ila ukiiacha ikauke kabisa juani inakuwa ngumu na bado inachapa nyota, ndogo kidogo, kuta nyembamba zaidi. Hiyo paka rangi kwa brashi, isigongwe kwenye sponji.